Moto (pikipiki) imeongezewa taa na muziki, sasa umeme unasumbua: mwongozo wa kutafuta hitilafu

Kijana mmoja motari (dereva wa moto ya abiria) alisukuma moto yake kutoka upande wa Mugunga hadi garaji kwetu, jasho linamtiririka. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Fundi, batri ni mupya. Nimeiweka wiki hii tu." Ilikuwa batri yake ya tatu tangu mwaka uanze. Moto ilikuwa na taa mbili za LED kwenye gidoni (usukani), redio yenye spika mbili, chaja ya simu, king'ora cha kuzuia wizi na honi ya gari. Nilipoondoa kiti nilikuta nyaya tisa zimesokotwa pamoja kwenye kichwa kimoja cha batri, na masi ya chasi, ile njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya batri, imekazwa juu ya rangi. Batri haikuwa na kosa. Hata zile mbili za kwanza hazikuwa na kosa, na fedha za siku nyingi za kazi zilikwenda bure.

Ninaandika kwa ajili ya kijana yule na wengine wanaoishi kwa moto hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Moto ikitoka kiwandani, kila waya una kazi na njia yake. Ikishapita mikononi mwa watu watatu, kila mmoja ameongeza chake, ile njia ya kiwanda haipo tena na hakuna mchoro unaoonyesha kilichobadilika. Ndiyo sababu ninaanza kila kazi kwa namna moja: natazama kwanza pale mkono wa mtu ulipopita, kisha napima kabla ya kumwambia mtu anunue chochote.

Barabara zetu nazo zina sehemu yake. Mitaa mingi imelala juu ya mawe ya volkeno, mengine yalimwagika mwaka 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipopita katikati ya mji. Mtikisiko wa siku nzima juu ya mawe yale hukata shaba ndani ya waya huku mpira wa nje ukibaki mzima. Kisha inakuja mvua ya Septemba hadi Desemba, inaingia kwenye maungio yaliyofungwa kwa skochi (utepe wa gundi). Hitilafu nyingi ninazoziona zimezaliwa na vitu hivyo viwili, mtikisiko na maji, vikikutana na maungio mabaya.

Vitu vya kuwa navyo

Multimeta ya bei ndogo inatosha, mradi ipime volti za mkondo mnyoofu (DC), volti za mkondo geu (AC), omu (ukinzani wa waya) na ampea hadi 10. Kabla ya kuiamini, ipime kwenye batri unayojua ni nzima.

Cha pili ni taa ya kupimia, na hii tengeneza mwenyewe. Chukua balbu ya breki ya volti 12, wati 21, uilehemu nyaya mbili zenye vibano mwishoni. Multimeta inaonyesha volti hata kwenye waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba, lakini balbu inadai karibu ampea 2 na waya mbovu mara nyingi hauwezi kuitoa vizuri. Mara nyingi balbu hii imenionyesha ukweli ambao multimeta haikuuona.

Ongeza msasa, kisu, koleo la kubania vichwa vya nyaya, fyuzi za ampea 5, 10 na 15, na kalamu na karatasi. Kalamu ni kifaa kama vingine, utaona baadaye kwa nini.

Toa pete na saa ya chuma mkononi. Ukifungua batri, anza na upande hasi. Ukirudisha, anza na chanya. Kwa njia hiyo spana ikigusa chasi wakati unafungua chanya, hakuna cheche.

Kwanza, ondoa vilivyoongezwa

Usipime kitu bado. Fungua kiti, toa tangi ikihitajika, na ufuate kila waya usio wa kiwanda. Utautambua: rangi yake haifanani na ya kundi la nyaya za asili, hauingii kwenye soketi, una skochi, au umepita nje ya mkanda unaokusanya nyaya nyingine. Andika kwenye karatasi unatoka wapi na unaenda wapi.

Kisha tenganisha vyote: redio, taa za ziada, chaja, king'ora, honi ya gari. Usivikate. Fungua maungio na ufunike ncha kila moja peke yake ili zisiguse chasi. Rudisha moto karibu na ilivyokuwa mwanzo, halafu iwashe.

Hitilafu ikiondoka, hitilafu iko kwenye nyongeza. Rudisha kimoja kimoja, ukijaribu moto kila mara, hadi irudi. Ikibaki vilevile, umepunguza nusu ya msitu wa nyaya na sasa unaweza kupima bila kupotezwa. Najua ni kazi inayochosha, na motari anasimama pembeni akihesabu wateja wanaompita. Lakini nimeona mafundi wakizunguka siku mbili kwa sababu walikataa kutumia dakika arobaini hizi.

Tahadhari kuhusu rangi za nyaya

Jambo hili limeunguza vifaa vingi mjini kwetu, maana hapa moto za Kihindi na za Kichina zinatengenezwa na fundi mmoja, siku moja, kwenye benchi moja.

Kwenye moto nyingi za Kichina zilizofuata mpangilio wa Honda, waya wa kijani ni masi, mwekundu unatoka chanya ya batri, mweusi una umeme baada ya ufunguo, na mweusi wenye mstari wa njano unapeleka umeme wa kuwasha kwenye bobini (koili ya cheche). Kwenye Bajaj, moto za Kihindi, mweusi wenye mstari wa njano ni masi. Waya wa rangi ileile! Fundi aliyezoea Boxer ya Bajaj akiukuta kwenye moto ya Kichina ataufunga kwenye chasi kwa moyo mweupe, na moto haitatoa cheche tena. Rangi ikusaidie kubahatisha, kisha kipimo kikuhakikishie. Masi ya kweli, ukipima kati yake na kichwa cha hasi cha batri, inasoma karibu na omu 0.

Batri, kwa kipimo

Iache moto ipumzike saa chache, ufunguo ukiwa umezimwa, kisha pima kwenye vichwa vya batri vyenyewe. Batri ya risasi iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 ina karibu robo tatu. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 iko karibu tupu, na kuiacha hivyo siku nyingi kunaiharibu kabisa, kwa sababu chumvi ngumu inajijenga juu ya bamba zake.

Acha multimeta hapohapo, mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Volti zitashuka; zisipite chini ya 9.6. Ikiwa batri ilisoma 12.7 ikiwa imepumzika kisha inaanguka hadi 7 inapobonyezwa, imekufa ndani, hata kama dukani walikuambia ni mpya. Batri zinazokaa miezi mingi dukani bila kuchajiwa ni nyingi, kwa hiyo pima kabla ya kulipa.

Ikiwa ni ile inayofunguliwa vifuniko, angalia kimiminika kati ya alama mbili. Kilichopungua ni maji, kwa hiyo ongeza maji yaliyotoneshwa, usiongeze tindikali. Maji ya bomba au ya ziwa yana madini yanayokula bamba polepole.

Masi, na ile sauti ya multimeta inayodanganya

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo moto nyingi zilizoongezewa vitu huugua.

Umeme unatoka chanya, unafanya kazi kwenye taa au mota ya kuwashia, kisha lazima urudi hasi. Njia ya kurudi ni chasi, injini na waya mmoja mnene. Ukiongeza vitu sita, vyote sita vinarudi kupitia njia ileile. Ikiwa boloni (bolti) yake imekazwa juu ya rangi au kutu, kila kitu kinakosa nguvu kwa pamoja, na umeme unaanza kutafuta njia nyingine. Dalili yake ni ya ajabu: unabonyeza breki, taa za kugeukia zinawaka kidogo, unapiga honi, taa ya mbele inafifia, unabonyeza kitufe cha kuwashia, unasikia "tak" moja basi. Ukiona taa mbili zisizohusiana zinashirikiana, tafuta masi kwanza.

Mafundi wengi huweka multimeta kwenye mlio, ikilia wanasema waya ni mzima. Mlio ule unatumia mkondo mdogo sana. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya ishirini utaifanya ilie, lakini hautabeba mzigo wa ampea 5 vizuri. Waya unapimwa ukiwa kazini, namna hii:

1. Weka multimeta kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20.
2. Ncha nyeusi iguse kichwa cha hasi cha batri chenyewe, sio kibano kilichokifunga.
3. Ncha nyekundu iguse chuma tupu cha injini. Kwaruza kidogo ikiwa kuna rangi.
4. Mtu abonyeze kitufe cha kuwashia, nawe usome.

Ikisoma chini ya 0.3, masi yako ni nzuri. Ikisoma 1 au 2, volti hizo zinapotea njiani kabla ya kurudi kwenye batri. Sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua kurudi nyuma: kutoka injini hadi boloni ya masi, kutoka boloni hadi kichwa cha waya, kutoka kichwa cha waya hadi kibano cha batri. Pale namba inaporuka, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha upake grisi juu yake ili maji yasirudi.

Upande wa chanya nao unapimwa hivyohivyo: ncha nyekundu kwenye chanya ya batri, nyeusi kwenye boloni ya mota ya kuwashia, kisha bonyeza. Isizidi 0.5. Kwa taa ya mbele, nyekundu kwenye chanya ya batri na nyeusi kwenye waya chanya unaoingia kwenye balbu, taa ikiwa inawaka. Hii ni kwa taa inayolishwa na batri. Nyingine nitazieleza chini.

Moto ya yule kijana wa Mugunga ilisoma volti 1.9 upande wa masi. Baada ya msasa ilisoma 0.1. Hakulipia kipuri chochote.

Kuchaji, na hesabu ambayo watu wengi hawaifanyi

Washa injini, ongeza mzunguko wake hadi wa kati, pima kwenye batri. Unatarajia volti 13.5 hadi 14.5. Ikizidi 15, regulata, kile kifaa kinachozuia volti zisizidi, imeshindwa kazi, au waya wake wa masi umekatika. Batri itachemka na balbu zitakufa moja baada ya nyingine. Ikibaki 12 na kitu hata ukiongeza mzunguko, batri haichajiwi.

Isipochaji, tafuta soketi inayotoka kwenye koili za kuzalisha umeme, zile zilizo ndani ya kifuniko cha pembeni cha injini. Itenganishe, weka multimeta kwenye volti za mkondo geu, ile alama ya V yenye wimbi. Moto yenye nyaya tatu za njano: pima kati ya ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Namba zote tatu zipande pamoja unapoongeza mzunguko na zikaribiane. Moja ikibaki chini, koili imeungua. Injini ikiwa imezimwa, pima omu kati ya kila njano na chasi: hapo pasiwe na njia kabisa.

Moto nyingi ndogo za Kichina ni tofauti. Zina waya mmoja wa kuchaji, mara nyingi mweupe au wa waridi, na mmoja wa njano wa taa, na mwisho wa koili umefungwa kwenye masi tangu kiwandani. Kwenye hizo, kupata njia kati ya koili na chasi ni jambo la kawaida. Usiihukumu koili isiyo na kosa kwa kanuni ya moto nyingine.

Koili zikiwa nzima na soketi ya regulata ikiwa safi, bado batri inashuka? Basi fanya hesabu. Chukua kalamu.

Moto ndogo ya 125 au 150 huzalisha kwa kawaida wati 70 hadi 150 kwenye mzunguko mkubwa. Ikisubiri mteja kwenye rond-point (makutano ya mviringo), injini ikiwa imetulia, inatoa pungufu ya hapo. Sasa toa: taa ya mbele 35, taa ya nyuma na ya dashibodi kama 10, mfumo wa kuwasha kama 10. Hiyo ni 55 kabla hujaongeza kitu. Ukikanyaga breki unaongeza 21. Sasa weka taa mbili za LED za wati 20 kila moja, redio ya 20, na simu mbili zinazochajiwa, nyingine 20. Umefika 135 bila breki. Moto inayozalisha 100 inakopa 35 zilizobaki kwenye batri, na batri haina namna ya kulipwa deni hilo usiku kucha.

Wati zilizoandikwa kwenye taa za bei ndogo usiziamini. Pima: hamisha waya wa multimeta hadi tundu la ampea 10, ipitishe katikati ya waya wa taa, kisha zidisha ampea kwa volti. Taa inayochukua ampea 1.5 kwa volti 13 inakula wati 19.5. Ukimaliza, rudisha waya kwenye tundu la volti mara moja. Ukisahau na kugusa vichwa vya batri, umefunga batri yenyewe kwa yenyewe kupitia multimeta. Kwa sababu hiyohiyo, usibonyeze kitufe cha kuwashia multimeta ikiwa katikati ya njia ya ampea, maana mota ile inavuta ampea nyingi kuliko 10.

Hesabu ikikataa, punguza. Balbu ya mbele ikibadilishwa kwa LED nzuri unaokoa wati kadhaa. Taa za ziada zizimwe mchana. Redio na taa zisiwake pamoja moto ikiwa imesimama. Kuna mtu atakuambia ununue batri kubwa zaidi. Batri kubwa inahifadhi zaidi, haizalishi zaidi.

Fyuzi inaungua kila ukibadilisha

Tafadhali, usiweke waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi ikiwa haipo, kinachoungua ni kundi zima la nyaya, na linapita chini ya tangi la esanse (petroli).

Ile taa ya kupimia inafanya kazi nzuri hapa. Toa fyuzi iliyoungua, funga vibano vya balbu kwenye miguu miwili ya kishika fyuzi, ufunguo uwe umewashwa. Kukiwa na waya unaogusa chasi, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, lakini hakuna kitakachoungua, kwa sababu balbu yenyewe inazuia mkondo. Sasa tikisa nyaya polepole: shingo ya gidoni, chini ya tangi, chini ya kiti, kando ya taa ya nyuma. Tenganisha soketi moja moja. Balbu inapofifia ghafla, umegusa mahali penyewe. Bila njia hii ungeunguza fyuzi kumi ukitafuta.

Mahali ninapopakuta mara nyingi ni shingo ya gidoni, ambapo nyaya za taa za ziada zimefungwa kwa nguvu sana na kila kona inazisugua, na chini ya kiti, ambapo uzito wa abiria wawili unabana waya dhidi ya chasi.

Batri inalala tupu

Moto ilikuwa nzima jioni, asubuhi haiamki. Zima ufunguo, fungua waya wa hasi, pitisha multimeta ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha hasi. Ikisoma miliampea chache, ni kawaida. Ikizidi 50, kuna kitu kinakunywa usiku. Miliampea 100 ni ampea-saa 2.4 kwa siku. Batri ya ampea-saa 7 itapoteza theluthi yake kabla hujaamka mara ya pili.

Tenganisha nyongeza moja moja huku ukitazama namba. Mara nyingi ni redio au chaja iliyofungwa moja kwa moja kwenye batri badala ya kupitia ufunguo. King'ora kinahitaji kukesha, hicho ukubaliane nacho, lakini kisile zaidi ya kile kilichoandikwa juu yake.

Inazimika njiani, au haitoi cheche

Ikizimika unapokata kona, usiende mbali. Injini ikiwa imewaka, geuza gidoni polepole kushoto na kulia, kisha vuta waya mmoja mmoja kidogo kwenye shingo. Waya uliokatika ndani unavutika kama mpira. Waya mzima hauvutiki.

Kwa cheche, hakikisha kwanza kuna esanse inayofika kwenye kabureta. Kisha toa buji (plagi ya cheche), irudishe kwenye kofia yake, mwili wake uguse chuma cha injini mbali na tundu lake, na piga teke la kuwashia. Usifanye hivi esanse ikiwa imemwagika, wala karibu na meza ya kadhafi (muuza esanse wa barabarani) mwenye vidumu. Usipige teke pia kofia ikiwa tupu bila buji, CDI, kile kisanduku kinachotuma umeme wa cheche, inaweza kuharibika.

Hakuna cheche? Kwenye CDI nyingi za Kichina kuna waya mweusi wenye mstari mweupe. Kazi yake ni kuzima: ukigusa masi, injini inazimika. King'ora kinafungwa hasa hapo. Utenganishe waya huo peke yake kwenye CDI, ujaribu tena. Cheche ikirudi, CDI haina kosa. Tafuta kwenye ufunguo, kitufe cha kuzimia au king'ora. Usiruhusu moto iondoke hivyo, maana ufunguo hautaizima.

Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kumnunulisha mtu CDI mbili kwa kosa hili, na hadi leo naona uchungu nikikumbuka. Waya mweusi-mweupe ulikuwa umebanwa na boloni ya tangi.

Cheche isiporudi, pima koili ndogo ya kuamuru cheche: moto nyingi za aina hii zinasoma kati ya omu 100 na 300. Ikisoma hakuna njia, imekatika. Kumbuka pia kwamba kuna CDI zinazolishwa na batri. Hizo batri ikiwa tupu hazitoi cheche hata ukipiga teke hadi jioni.

Taa zenye tabia za ajabu

LED inayopepesa injini ikitulia, kisha inatulia ukiongeza mzunguko, imefungwa kwenye waya wa njano wenye mkondo geu. Ihamishie kwenye waya unaotoka batri kupitia ufunguo. Balbu zinazokufa kila ukikimbia: angalia masi ya regulata. Taa za kugeukia zinazopepesa haraka baada ya kuweka LED: kile kisanduku cha kupepesa kinahesabu mkondo, na LED inatumia kidogo, kwa hiyo kinadhani balbu moja imekufa. Weka cha kielektroniki kilichotengenezwa kwa LED. Redio inayovuma kufuata mzunguko wa injini: angalia kama mtu ameweka kofia ya buji isiyo na kizuizi cha omu 5,000.

Kurudisha nyongeza kwa njia isiyoleta ugonjwa tena

Toa waya mmoja tu kutoka chanya ya batri, wa milimita mraba 1.5, na uweke fyuzi ya ampea 10 karibu na batri, isizidi urefu wa kiganja. Waya wowote kabla ya fyuzi hauna ulinzi, ndiyo maana uwe mfupi. Waya huo uingie kwenye rele (swichi inayoendeshwa na umeme) mguu wa 30. Mguu wa 87 ulishe nyongeza zako. Mguu wa 86 upate umeme kutoka waya unaoamka na ufunguo. Mguu wa 85 uende masi. Sasa ufunguo haubebi mzigo wa taa, unabeba tu amri ya rele, ambayo ni kama ampea 0.15, na ukizima ufunguo kila kitu kinalala. Masi za nyongeza zote zikusanye kwenye boloni moja iliyopigwa msasa, na kutoka hapo waya mnene urudi hasi ya batri.

Maungio yabanwe kwa koleo na kufunikwa kwa mpira unaojibana kwa joto. Ukilehemu kwa risasi, funga waya pande zote mbili za kiungo, kwa sababu mtikisiko unaukata pale risasi inapoishia. Skochi peke yake haifai: gundi yake inalainika kwa joto la injini, inateleza, kisha inashika maji ndani. Usiweke kiungo kwenye shingo ya gidoni. Na kila waya unaoingia kwenye kifaa uuache uteremke kidogo kabla ya kupanda, ili tone la mvua lidondoke chini badala ya kuingia ndani.

Kisha ile karatasi uliyoandika mwanzoni: ichore upya jinsi moto ilivyo sasa, rangi kwa rangi, iweke kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti.

Usifunge kiti bado. Mpe mwenyewe aende hadi mji wa Sake na kurudi, taa zikiwa zimewaka. Akirudi, gusa kwa kidole fyuzi, rele na kila kiungo. Kilicho na joto kuliko vingine, kifungue tena. Pima batri injini ikiwa imetulia na taa zote zikiwaka, kisha kwenye mzunguko wa kati, uandike namba zote mbili pembeni ya mchoro, pamoja na tarehe.